Nusu ya Kitambaa cha Njano

Mwanangu, ipo siku moja ya mwezi wa tatu ambayo kila nikiikumbuka mate hunikauka, ingawa imepita miaka zaidi ya ishirini. Siku hiyo sikuiba, sikumpiga mtu, wala sikulewa. Nilikubali kitambaa tu. Nitakusimulia, nawe nivumilie, maana mzee akianza habari za ujana wake hajui njia ya mkato.

Kwanza nikwambie kilichonikalisha kuandika. Juzi ulikuja ofisini kwangu hapa mtaa wa Zhanqian, Guangzhou, kunialika kwenye chakula cha mchana cha kuwakaribisha wanafunzi wapya. Nilifurahi. Nilikutazama, mwenyekiti kijana wa wanafunzi wetu, shati limepigwa pasi, nikasema moyoni kwamba nyumbani wamezaa. Kisha nikakuuliza mbona mmeweka mchana, na huu ni mwezi wa Ramadhani. Ukacheka kidogo, ukasema, "Mzee, Waislamu mwaka huu wako saba tu. Wengi wape. Wao wataelewa tu." Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Kumbe mwenzio nilikuwa nimesharudi kwenye siku yangu.

Nilipofika Guangzhou nilikuwa na umri kama wako. Nilitoka Morogoro kwa ufadhili wa masomo, kifua mbele, nikiamini hakuna kitakachonishinda. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimekijua Kichina cha sokoni kuliko cha darasani, basi siku zisizo na vipindi nikawa nawapokea wafanyabiashara wa Dar pale Liuhua, nawazungusha madukani na kuwatafsiria. Nilijiona mtu. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema, na mimi nilipewa.

Chuoni tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza, Mwairishi, mzee mrefu mwenye nyusi nyingi. Tulimwita Mwalimu Brendan. Mkewe aliitwa Ruth, naye alifundisha palepale. Mama yule alikuwa na tabia ya kuoka mikate yenye zabibu na kuwagawia wanafunzi waliokuwa mbali na kwao. Majira yangu ya kwanza ya baridi, ile baridi ya hapa yenye unyevu unaoingia mpaka kwenye mifupa, alinikuta natetemeka koridoni na kishati changu cha mikono mifupi. Hakuniuliza neno. Kesho yake aliniletea sweta alilolifuma mwenyewe, la kijivu. Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, mama yule akaugua kidogo tu, akafariki.

Sasa hao Waairishi walikuwa na sikukuu yao ya Mtakatifu Patrisi, kila mwezi wa tatu. Walikuwa wachache mjini, wakikusanyika katika ukumbi mdogo karibu na chuo, wanakula, wanaimba, na kila mwaka aliyekuwa akiingia mbele na bendera alikuwa Mama Ruth. Bendera ile ilikuwa imechakaa. Siku kumi kabla ya sikukuu, Mwalimu akaniita kwake, akanipikia chai nzito ya maziwa, akaniomba nimtafutie fundi wa kushona mpya: moja kubwa ya kubeba na mia moja ndogo za kushika mkononi. Alisema, "Safari hii nitaibeba mimi."

Akanieleza bendera yenyewe. Alisema zamani walikuwa na ya kijani tupu yenye kinubi cha dhahabu katikati, nzuri kuitazama, lakini si wote waliojiona ndani yake. Halafu katika karne ya kumi na tisa vijana wao walikwenda Ufaransa siku za mapinduzi ya kule, wakarudi na bendera ya hariri ya rangi tatu, inasemekana wanawake wa Kifaransa ndio walioishona. Kijani ni kwa ajili ya Wakatoliki na mila za kale za nchi. Rangi ya chungwa ni kwa ajili ya Waprotestanti, kwa sababu ya mfalme wa ukoo wa Orange ambaye wazee wao walimpigania. Watu hao wameuana sana, alisema, na ile nyeupe ya katikati ni amani ambayo mpaka leo wanaitafuta. "Kijani ndiyo mimi," akasema, "chungwa ndiyo Ruth. Nyeupe ni hii meza tuliyonywea chai."

Mwanangu, maneno hayo ninayo kichwani leo neno kwa neno. Siku ile yaliingia sikio hili yakatokea lile. Nilikuwa naitikia "ndiyo, Mwalimu, ndiyo," huku macho yapo kwenye simu, nasubiri ujumbe wa mteja wa Dar. Nililoshika ni moja tu: kijani kikae upande wa mlingoti, kwa kuwa ukishona pindo la mlingoti upande wa chungwa umewashonea watu wa Ivory Coast. Hilo nililipenda, lilikuwa jambo la kifundi, la kuonyesha kwamba najua.

Nikaenda Xintang, nje kidogo ya jiji, kwenye karakana za nguo. Siku zile nilikuwa namfahamu laoban mmoja, yaani bosi mwenye karakana, akiitwa Lin. Kazi yake hasa ilikuwa suruali za jinzi, lakini kazi ndogondogo hakuzikataa. Majora ya kijani anayo, ya nyeupe anayo. Ya chungwa? Akatikisa kichwa. "Meiyou." Hakuna. Kiwanda cha kutia rangi kingehitaji siku tatu. Kisha, kama wafanyavyo mabosi wote wa dunia wasiotaka mteja atoke mlangoni, akavuta jora la njano, njano iliyokolea inayokaribia dhahabu, akaniwekea pale juu ya meza karibu na cherehani.

Siku tatu tu. Na sikukuu ilikuwa bado siku tisa! Lakini kesho yake asubuhi wateja wangu walikuwa wanafika, na mimi sikutaka kupanda basi kurudi tena Xintang. Nikajiambia, njano na chungwa ni ndugu. Bendera inapepea, nani atakagua? Wataelewa tu. Naam, mwanangu, maneno yaleyale.

Unajua desturi yetu ya sampuli, kama hujaijua utaijua. Ukikubali kitambaa, bosi anakata kipande, nyote mnatia sahihi, kisha kinakatwa katikati. Nusu anabaki nayo yeye, nusu unaondoka nayo wewe, na mzigo ukija tofauti mnakutanisha nusu mbili na aliyekosea anajulikana. Nikatia sahihi yangu kwenye njano, kwa mbwembwe, kama mkurugenzi. Na unajua nilikuwa nimevaa nini? Sweta la kijivu la Mama Ruth.

Siku ya sikukuu nikaupeleka mzigo ukumbini mwenyewe, kwa kuwa nilitaka sifa. Waairishi kama thelathini wapo, wazee kwa watoto. Mwalimu akakata kamba, akaikunjua ile bendera kubwa, akaishika kwa mikono miwili. Akaikazia macho. Nikadhani ameguswa. Nikajisogeza nipokee shukrani.

Aliishusha polepole. Aliniuliza, bila ukali wowote, "Ruth yuko wapi?"

Sikuelewa. Nikaanza kumweleza habari za jora, za kiwanda, kwamba njano ndiyo ilikuwa karibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akasema, "Kwetu wapo watu wanaosema bendera yetu ni kijani, nyeupe na dhahabu. Wengine hawajui. Wengine wanajua, ila hawataki akina Ruth wawemo. Miaka arobaini alikuwa akiwasikia, na kila mara alinyamaza. Mimi nilikuwa namwambia, wasamehe, utawaelewa tu. Nilimwambia hivyo mimi, mumewe."

Akaikunja bendera ile, akaiweka chini ya meza. Mwaka ule waliimba bila bendera. Wale watoto walipewa zile ndogo wakazipeperusha, watoto wana nini, na kila njano ilipopita mbele ya macho yangu nilitamani sakafu ifunguke. Mkate wa zabibu aliuoka mtu mwingine. Kipande changu nilikiacha mezani.

Sasa usidhani nilijuta palepale. Ujana una kiburi. Niliondoka na hasira, nikaenda dukani kwa Bi Salma, Mungu amrehemu. Huyu alikuwa mama wa Kiunguja aliyekuwa na kibanda cha nguo katika jengo moja la Zhanqian, na sisi vijana wa Afrika Mashariki tukiugua au tukigombana, kwake ndiko tulikokimbilia. Nikamlalamikia wee! Kwamba mzee wa watu amenifedhehesha kwa ajili ya rangi.

Bi Salma hakukatiza. Nilipomaliza akapanda kigoda, akaitungua bendera ya Tanzania iliyokuwa ukutani kwake, akaitandaza juu ya mzigo wa mashati. Akaishika ile pembe ya chini yenye buluu, akaikunja kwa nyuma, ikabaki kijani, ule mstari mweusi na manjano yake.

"Haya, nambie weye. Hii ya nani?"

"Si ya mtu, Bi Salma. Umeiharibu."

"Nimeiharibu vipi? Kijani chenu kipo. Weusi wetu sote upo. Ilokosekana buluu tu, ile iliyotoka Unguja. Si utaelewa tu?"

Nikanyosha mkono niikunjue ile pembe, akanizuia.

"Mie n'najibanza wapi hapo?" akaniuliza. "Nambie, mwanangu. N'ende wapi?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limeshavunjika tangu Xintang, ila maumivu ndiyo yalianza pale. Nililia, mwanangu, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, juu ya mashati ya watu. Bi Salma akairudisha buluu mahali pake, akailaza kwa kiganja, akasema, "Kulia si kazi. Rudi kwa bosi wako."

Nikarudi. Nilimwambia Lin aagize chungwa, na safari hii sikuondoka. Siku tatu nilishinda kwenye kiwanda cha kutia rangi, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mpaka wafanyakazi wakawa wananigawia chakula chao cha mchana. Kitambaa kilipotoka kwenye pipa nilikitazama kwenye jua, kikiwa kibichi na tena kilipokauka. Lin akaishona bendera moja kubwa. Nikampelekea Mwalimu nyumbani.

Aliipokea mlangoni. Akaikunjua kwenye ile meza ya chai, akaweka kiganja juu ya upande wa chungwa, akakaa hivyo. Nikasema, "Mwalimu, mwakani utaibeba." Akanijibu, "Mwakani sitakuwepo. Ninarudi nyumbani mwezi wa saba." Hakusema kwa kunilaumu, alikuwa anaeleza ratiba tu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Sikukuu ile moja, ya kwanza bila mkewe, ambayo alitaka amwingize ukumbini kwa mikono yake, ilikuwa imepita. Mimi ndiye niliyemfungia mlango. Bendera nilimshonea nyingine, lakini siku ile hakukuwa na fundi wa kuishona upya.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, nikwambie waziwazi bila mafumbo. Wengi wape, sawa, wape viti vya mbele, wape hata kipaza sauti. Lakini usichukue nafasi ya wachache ukawapa. Neno hilo "wataelewa tu" ni neno la mtu ambaye hajawauliza. Na kweli, mara nyingi huelewa! Mama Ruth alielewa miaka arobaini. Hao wenzako saba wataelewa vizuri sana: wataelewa kwamba mlipopanga hawakuwemo. Watakutumia ujumbe wa hongera, watasema hamna shida kaka, na mwakani hutawaona.

Tena usijidanganye na kitu kinachokaribia. Najua utaniambia mtawafungia chakula wakale nyumbani jioni. Hiyo ni njano, mwanangu. Ukikosa chungwa, subiri siku tatu. Sogeza karamu hadi jioni, adhana ya magharibi ikiingia, mle pamoja. Sisi Wakristo tukikaa na njaa kidogo mchana mmoja hatutakufa. Mimi mwenyewe tumbo hili linahitaji hilo funzo.

Nikistaafu sitakuwa na kikubwa cha kuwaachia vijana wa hapa. Ila ndani ya bahasha hii utakuta nusu ya kitambaa cha njano, chenye sahihi yangu ya mbwembwe iliyokatika katikati. Wino umefifia, lakini nusu ya jina bado inasomeka. Kiweke kwenye pochi yako. Siku ulimi utakapotaka kusema tena lile neno, kishike kwanza.

Mungu akupe maisha marefu na meza ndefu. Akupe masikio ya kusikia wanaonyamaza. Na kila utakayemwalika, mwanangu, akifika ajikute yumo.