Kugawa Foleni Bila Kuivuruga

Niliripoti kazini Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya vyumba viwili ya kuunda programu za kompyuta kule Themi, nikitokea kwenye ualimu wa hisabati. Mhandisi Mkuu, Mchaga mpole asiyependa maneno mengi, alinipa orodha ya namba nitenganishe shufwa na witiri: shufwa mbele, witiri nyuma. Niliandika mistari thelathini ya C++, lugha ya kompyuta tuliyoitumia. Akaisoma yote, akaifuta.

“Mwalimu,” akasema, “lugha hii ina maktaba yake. Waliotutangulia wameshaziandika kazi hizi na kuzijaribu. Soma kwanza kilichomo, ndipo uandike chako.”

Humo nikakutana na partition. Unaipa mwanzo wa orodha, mwisho wake, na sharti, yaani swali la ndiyo au siyo. Wa ndiyo wanakwenda mbele, wa siyo wanabaki nyuma, nayo inakuonyesha mpaka ulipo. Mstari mmoja tu. Nilijiona nimefika.

Mwaka wa tatu nilitumwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Sakina, kuweka mfumo wa foleni. Muuguzi Mkuu, mama wa Kimeru mwenye mwendo wa haraka, alikuwa na ombi moja: mgonjwa wa dharura akiandikishwa, jina lake lipande juu papo hapo. Nikatumia partition, sharti likiwa “je, ni dharura?” Nikajaribu kwa majina machache, dharura zikapanda. Nikasaini kwamba kazi imekwisha.

Siku ya pili ya matumizi, saa sita mchana, Muuguzi Mkuu alinishika mkono akanipeleka kwenye benchi. Mzee wa Kiarusha kutoka Olmotonyi alikuwa amelazwa pale, jasho linamtiririka. Binti yake alikuwa akimnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Mzee alikuwa na kisukari, na hakuwa amekula tangu usiku kwa sababu ya kipimo cha damu.

“Huyu alifika wa kwanza,” Muuguzi Mkuu akasema. “Nilimwandikisha kwa mkono wangu. Mbona mashine yako inamrudisha nyuma?”

Wakamwingiza kwa daktari, nami nikampigia simu Mhandisi Mkuu.

“Wa dharura anafikaje mbele?” akaniuliza.

“Anabadilishana nafasi.”

“Na nani?”

Nikafungua kompyuta nikaufuatilia mstari wangu. Partition ilikuwa ikimchukua mgonjwa wa dharura aliyeingia mwisho na kumbadilisha na aliye juu ya foleni. Mzee alikuwa juu. Dharura ya kwanza ilipokuja, mama mwenye uchungu wa kuzaa, akatupwa mkiani. Akapanda tena taratibu hadi juu, ikaja dharura nyingine, akatupwa tena. Maelezo ya maktaba yalisema wazi kwamba mpangilio wa awali hauhakikishwi. Sentensi hiyo niliiruka.

“Weka stable_partition,” akasema. “Hiyo inagawa, lakini ndani ya kila kundi, kila mmoja anabaki nyuma ya aliyemtangulia. Inakula kumbukumbu ya kompyuta zaidi kidogo. Usijali hilo.”

Nilibadilisha neno moja tu.

Jioni nilimkuta mzee amekaa kitandani, amepata nafuu.

“Shikamoo, baba. Kosa lile ni langu, si la wauguzi.”

“Marahaba.” Akanitazama sana. “Yule mama mwenye uchungu kunipita, sikuudhika. Niliudhika kupitwa na watu waliofika mimi nimeshakaa.”

Sijawahi kusikia mtu akieleza tofauti ya partition na stable_partition vizuri kuliko yeye.

Baadaye nilihudumu chini ya wakuu wengine wawili, mmoja mkali, mmoja mvivu wa kusoma, kisha kiti kikawa changu. Vijana waliniuliza ipi ina kasi zaidi. Ni partition, niliwajibu, na kwenye namba tupu itumieni bila woga. Orodha ikiwa ya watu, ulizeni kwanza nani alitangulia.

Nimestaafu sasa. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kupima presha, akaletwa mama aliyegongwa na pikipiki. Nikatazama kioo cha foleni ukutani. Jina langu lilishuka nafasi moja. Moja tu.