Kamera Nzima, Mwenyewe Mbovu

Mdogo wangu wa kiume alipiga picha za gazeti tangu ndevu hazijamwota mpaka zikaota mvi, na kitu pekee kilichotoka kizima katika kazi hiyo ni kamera. Ya chuma, nzito kama pasi ya mkaa. Ilidondoka kwenye lori. Ilikanyagwa uwanjani mashabiki walipovamia. Ilipigwa rungu la askari lililokuwa likitafuta kichwa chake. Yeye mwenyewe alipigilia nayo misumari. Anaipangusa kwa shati, inaendelea na kazi. Sifa akazichukua yeye. Majirani wakamwita Bwana Chuma naye akaitika, mtu ambaye manyunyu tu yanamlaza kitandani.

Mama yetu alikataa picha maisha yake yote. Uzeeni akakubali, mara moja tu, akavaa gauni lake la bluu, akakaa kitini mlangoni. Bwana Chuma akatia mkanda wa picha kwenye kamera huku anawasimulia majirani habari za lile rungu. Alishanionyesha mwenyewe, kwa majivuno, kuwa juu ya kamera kuna kigurudumu kidogo. Ukisogeza mkanda, nacho kizunguke. Kisipozunguka, mkanda haukushika, unapiga hewa. Siku ile hakukitupia hata jicho. Akapiga, akapiga, mdomo haufungi. Mkanda ulipokwenda kusafishwa, mtupu.

Akawa anamwambia mama picha zinakuja. Zikaja mpaka tukamzika.

Ndugu walipojaa msibani wakaulizia picha, nikamkuta chumba cha nyuma anaibamiza kamera sakafuni, kwenye saruji. Nikamuuliza ana wazimu.

“Dada, nitawaambia iliharibika. Si imezeeka?”

Nikaiokota. Kona imebonyea kidogo, basi. Rungu halikuiweza, itamwogopa yeye?

Nikaipeleka sebuleni, nikampa mama mdogo mkononi, nikamwambia abonyeze. Akabonyeza, ikalia vizuri kabisa. Akamgeukia Bwana Chuma.

“Mwanangu, mbona hii nzima? Picha ya dada yangu iko wapi?”

Akatazama vidole vyake vya miguu. Halafu akasema, kwa kisauti ambacho majirani hawajawahi kukisikia, kwamba hakuangalia kama mkanda umeshika. Mama mdogo akaanza kulia upya.

Kamera sasa iko kabatini kwangu. Anatuma watu kuja kuiomba. Simpi.