Kafuri kwenye Mafuta ya Watoto

Pale Klaten, kisiwani Java, mtoto akitoka vipele vya joto, wanawake walikuwa wakimwambia mama yake aende kwa Ngatinah. Mjane huyo alipika mafuta ya nazi kwa mchaichai, manjano na majani ya tambuu, kama mama yake alivyomfundisha.

Kisha wateja wakaanza kununa. "Mama, haya yako mbona hayachomi? Ya dukani unayasikia mpaka puani!"

Ngatinah akaanza kutia kafuri, ile dawa nyeupe yenye harufu kali. Mwanzo chembe tu, baadaye konzi nzima. Wateja wakarudi wakicheka.

Mjukuu wake Danar, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, alijikuna mapaja mpaka yakachubuka. Asubuhi moja Ngatinah alimpaka mwili mzima, penye michubuko akazidisha, akamviringisha kitambaa cha batiki. Mtoto alilia, akanyamaza ghafla. Bibi alipomfunua, macho yamepinduka, mikono imekakamaa, povu linamtoka.

"Kapandwa na jini huyo!" jirani akapiga ukelele.

Wuri, mkwewe Ngatinah na mama yake Danar, hakungoja. Alimnyakua mwanawe, wakakimbilia hospitali kwa pikipiki.

Daktari aliinama, akamnusa mtoto. "Mmempaka nini?"

"Mafuta ya majani tu, Daktari," Ngatinah alijibu.

"Majani hayanuki hivi, bibi."

"Na... kafuri."

"Kwenye ngozi iliyochubuka? Mtoto mdogo hivi? Inaingia kwenye damu, bibi. Inapiga ubongo."

Degedege lilirudi, likarudi tena. Danar hakuamka. Walimzika kabla ya magharibi.

Makaburini Ngatinah alimshika mkwewe bega. Wuri akajitoa. "Usiniguse, mama. Unanuka hayo mafuta."

Kesho yake Ngatinah alizunguka mlango hadi mlango kuzikusanya chupa zake za mafuta. Wengi walimpa bila kumtazama usoni. Lakini Rumiyah, mwenye mtoto anayenyonya, aligoma.

"Wangu kapona kwa haya haya. Msiba wako usiniletee mimi!"

"Mwanangu, nakuomba. Nimeua kwa mkono wangu."

Mlango ukafungwa. Ngatinah akakaa kizingitini juani, mpaka mume wa Rumiyah aliporudi kutoka shambani. Akamweleza yote, hakuficha neno. Mwanamume aliingia ndani, sauti zikapanda, akatoka na chupa na kuimwaga mtaroni.

Ngatinah alijizoazoa, akaenda nyumba iliyofuata.