Redio ya Upande wa Pili

Mabanzi yaliyolowa mvua yana harufu yake, chachu kidogo, na nikiipata popote leo narudi moja kwa moja kwenye ile ploti ya vyumba vya kupanga tulimoishi Eldoret, enzi za chama kimoja. Ukuta wa mbao tu ndio uliotutenganisha na majirani. Huku tulikaa sisi watu wa ziwani, kule Mama Wanjiru na mumewe, wenye duka, waliotoka mkoa wa kati. Tulijua wamepika nini, nao walijua sisi tumekula omena tena.

Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo, na mbishi kama yeye sijaona. Kisichoonekana hakipo, alisema, basi. Mama akifumba macho kuombea chakula, Baba alikuwa ashamega ugali. Mwaka ule mdogo wangu Atieno, kitoto kichanga, akaugua kifua. Mama aliogopa atakufa kabla hajabatizwa. Baba akakataa katakata: hangeleta mtu nyumbani kwake aje kuongea na hewa. Mama alilia huku akimkanda mtoto kwa maji moto, na mimi nilimchukia Baba, nasema ukweli.

Lakini Baba huyo huyo, kila alipotaka kusema neno juu ya serikali, hata bei ya unga tu, alipandisha sauti ya redio kwanza, asisikike nje. Nyumba nyingi zilifanya hivyo siku zile. Ajabu ni kwamba yetu ikipanda, ya jirani nayo ilipanda. Baba aliinua kidole. Alituambia kule kumewekwa mtu wa kutusikiliza, na redio ile ni ya kumficha.

Jioni moja betri zikatuishia, ingawa zilikuwa zimeanikwa juani kutwa nzima. Baba akakaa kimya kabisa. Nikamuuliza anamwogopa nani. Akanong'ona kwamba ni wao. Nikauliza kama amewahi kuwaona.

"Hawaonekani," akasema. "Lakini wapo. Unawajua kwa kazi yao."

Mama akaacha kumkanda mtoto. "Baba Akinyi," akasema polepole, "hata wangu namjua hivyo hivyo."

Nilipigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kumjibu Baba namna ile. Baba akautazama ukuta. Mwishowe akamwambia Mama amwite huyo pasta wake. Atieno alibatizwa Jumapili ile, akikohoa. Alipona; Mama akamshukuru Mungu, Baba akaishukuru dawa ya hospitali ya misheni kule Plateau. Lakini akaanza kwenda kanisani, mara moja moja, halafu kila Jumapili, hadi akawa mzee wa kanisa.

Siku hizi watu wanaitukana serikali kwa simu, mchana kweupe, na kucheka juu yake. Mwaka jana, kwenye matanga huko Kapseret, nilikutana na Mama Wanjiru, nyanya wa watu sasa. Tulikumbushana ya ploti, hadi akaniuliza, bila ubaya wowote, yule mtu ambaye baba yangu alikuwa akimficha ndani ili awasikilize aliitwa nani. Chai ilinimwagikia mapajani. Kumbe kila redio yetu ilipopanda, wao walijua mtu wetu ameingia kazini, wakapandisha yao ili asiwasikie. Jamani! Nyuma ya ule ukuta hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mume na mke waliotuogopa sisi.

Mama alishatutoka, akiamini. Jumapili iliyofuata nilimweleza Baba, akiwa tayari amevaa koti la kanisa. Nilidhani atacheka.

"Hakukuwa na mtu," akasema. "Na mimi nikanyamaza ujana wangu wote."

Kisha akaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, ya mtoto aliyepotea sokoni. "Akinyi, na yule wa mama yako?"

Atieno alikuwa amekuja kumchukua, amesimama mlangoni, mzima wa afya, Biblia mkononi. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza mbona tumenyamaza.