Ukuta Usio na Pembe

Mjomba hakuwahi kusalimia watu kabla ya kusalimia pembe. Akiingia chumbani, hata penye msiba, alikwenda kwanza mahali kuta mbili zinapokutana, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akaguna, ndipo akageuka: "Hamjambo?"

Alikuwa fundi plasta kwa miaka arobaini. Kisha akaanguka kutoka kwenye jukwaa, akavunjika nyonga, na wanawe wakamwambia kwa upole kwamba sasa apumzike. Upole ule ulimuuma kuliko nyonga. Kwa hiyo nilipofungua studio ya picha, nikahitaji ukuta unaopinda na kushuka hadi kuwa sakafu, ili anayepigwa picha aonekane amesimama katika weupe mtupu, nilimwita yeye.

"Ukuta usio na pembe?" aliuliza. "Mpwa wangu, hiyo ni kazi au ni kejeli?"

"Ni kazi, Mjomba."

"Haya. Ukinishinda, mwiko nauweka chini. Nitakaa barazani nihesabu nzi, kama wanavyotaka."

Alichora tao kwa kamba na penseli, akakata mbavu za mbao, akazifunika kwa wavu wa waya, akapiga plasta siku tatu. Ilipokauka akaipiga msasa hadi nyusi zake zikawa nyeupe. Mkewe alikuja na chakula, akasimama mlangoni mkono kiunoni.

"Asubuhi nimeacha mume hapa. Mbona nakuta mzuka?"

"Mzuka una njaa. Lete hicho chakula."

Lakini nilipowasha taa ya pembeni, chini ya mpindo ukatokea mstari wa kivuli, mwembamba kama unywele, kutoka upande huu hadi ule. Mjomba alipiga magoti kwa taabu, akaupapasa. Pembe. Ndogo mno, lakini pembe.

"Mkono umeiweka wenyewe," alisema. "Mimi sikuutuma."

"Samaki mkunje angali mbichi," mkewe akasema. "Huyu wangu nilimkuta keshakauka."

Mjomba hakucheka. Aliulaza mwiko sakafuni. Alikaa akitazama viganja vyake, kimoja baada ya kingine.

"Na huu wa kushoto?" akauliza taratibu. "Huu kazi yake ilikuwa kushika ubao wa plasta tu. Haujui pembe ni nini."

Akaukwangua ule mstari, akaokota mwiko kwa mkono wa kushoto. Mkono ukamwaga plasta, ukaenda kombo.

"Polepole, baba! Huo bado uko chekechea!" mkewe alipiga kelele, na sote watatu tukacheka hadi kazi ikasimama.

Plasta ilipokauka na kupakwa rangi, niliwasha taa zote. Hapakuwa na mstari. Nilimsimamisha mkewe katikati ya weupe ule, naye akanyoosha mikono kama anayeogopa kuanguka.

"Mzee, niko wapi?"

"Uko kwangu," alisema Mjomba, akijifuta macho kwa shati lililojaa vumbi.

Barazani hakukaa. Alipiga plasta mwaka mmoja na ushee, hadi wiki aliyofariki. Siku chache kabla nilimpigia simu kumjulia hali, nikasikia mwiko ukikwaruza.

"Kata simu, mpwa wangu," alisema. "Plasta inanikaukia."