Kichekesho cha Wodi ya Wazee

Nikikitaja kile kichekesho siku hizi, watu wa rika langu hapa Tunduma wananitazama kama nimekitunga mimi. Tamthilia za mapenzi wanazikumbuka zote, nani alimwacha nani, nani alizaa na nani, mpaka wimbo wa mwanzo watakuimbia. Hiki hapana. Nami nawaambia kweupe kwamba walikalishwa mbele ya kitu kizuri wakakinunia.

Kilionyeshwa Jumamosi jioni, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na chote kilifanyika ndani ya wodi ya wazee. Vitanda vichache, dirisha moja, basi. Kulikuwa na mzee aliyeiba uji wa jirani yake kila mara huyo akisinzia, bibi aliyeaga kila wiki kwamba Jumatano anakufa na Alhamisi akaamka na njaa, na muuguzi mnene aliyewatazama wagonjwa kwa jicho la fundi wa majeneza. Mtu akifa, wenzake wanagombea mto wake kabla haujapoa. Majirani waliokuja kwetu kutazama tamthilia walikuwa wakisikia tu kinaanza, wanakusanya watoto wao na kuondoka. Uchuro, walisema. Baba, aliyekuwa na duka la vipuri vya malori na uzee wa kanisa juu yake, alisema hivyo hivyo, ila yeye hakuwa na pa kukimbilia kwa sababu nyumba ilikuwa yake.

Aliyekipenda ni bibi yangu, mama yake baba. Tulimleta kutoka Ibaba baada ya kiharusi kumlaza upande mmoja, ili awe karibu na hospitali. Tukamweka sebuleni, kitanda kikitazamana na televisheni. Antena ilikuwa nje juu ya mlingoti na kazi ya kuizungusha ilikuwa yangu. Ukiizidisha kidogo tu unaangukia Zambia, unajikuta unasomewa habari kwa Kibemba. Mengine yote bibi alinivumilia, si antena.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Babu alikuwa mume wetu sote wawili, na hata alipokufa ugomvi wa kumgombea haukuisha. Nikienda Ibaba likizo, bibi ananipokea mlangoni kwa maneno: mke mwenzangu umerudi, huko mjini wamekuchoka? Nami namjibu kwamba nimekuja kuona kama bado anapika ule ugali wa mabonge uliomwua mume wetu. Mgeni angedhani tunachukiana. Hakuna mtu niliyempenda vile.

Kiharusi kilipokuja nikaingiwa na adabu. Sijui niliiokota wapi. Ghafla nikawa mtu wa shikamoo bibi, pole bibi, unajisikiaje bibi, kwa sauti ile ya msibani. Nyumba nzima tulikuwa hivyo, tunanyata ndani ya nyumba yetu wenyewe. Naye alitutazama tu, huku akila kidogo kuliko jana, mpaka ikafika mahali kijiko kikimkaribia anafunga mdomo. Daktari alisema haoni ugonjwa mwingine, ila asipokula hatafika mbali. Mama alibadilisha uji, wa ulezi, wa mchele, wa karanga. Ng'o.

Jumamosi moja tulikuwa wawili tu sebuleni. Kwenye kichekesho, yule mwizi wa uji alitembelewa na mjukuu wake, kijana mkubwa aliyepiga magoti pembeni ya kitanda akaanza kulia. Mzee akamwambia asogee, anamziba asiuone uji wa jirani. Bibi akacheka, nusu ya uso ikacheka na nusu ikabaki imelala. Kisha akasema polepole, maana maneno yalimtoka kwa taabu, "Wale wana raha."

"Raha gani, bibi, na wako hospitali?"

"Wanasemana." Akapumzika kidogo. "Mimi mmeshanizika."

Niliumia, nyie acheni tu. Pole bibi nyingine ilinijia mpaka kwenye ulimi, nikaimeza. Nikachukua bakuli la uji uliokwishapoa, nikakaa kitandani bila kukaribishwa, nikamwambia, "Najua unachofanya, mke mwenzangu. Unajinyima upungue, umfikie mume wetu na kiuno cha usichana. Hunidanganyi. Kula, uende kwake mnene vilevile kama alivyokuacha."

Nikadhani nimemmaliza. Halafu akafungua mdomo. Alipomeza vijiko kadhaa akasema, "Hata wewe hakukutaka. Una miguu ya kuku." Nikacheka huku nalia, naye akanigombeza kwamba namwaga uji kwenye shuka.

Baba alipopata habari alikasirika. Aliniita dukani, akanisema mbele ya makopo ya oili: mtu anaumwa, wewe unamtajia kifo? Lakini Jumamosi iliyofuata nilizungusha antena kama kawaida, tukakitazama mpaka mwisho, kisha tukatupiana maneno na bibi mpaka bakuli likawa jeupe.

Tuliishi hivyo kwa muda. Kisha kichekesho kikaondolewa, hawakusema kwa nini. Tulikaa tayari, wakatuletea tamthilia nyingine ya mapenzi. Sidhani kama kuna mwingine nchi hii aliyekiulizia. Bibi alikiulizia kila Jumamosi.

Wakati huohuo nilipata kazi kwenye ofisi ya mawakala wa forodha mpakani. Natoka alfajiri, narudi nimechoka hata salamu sina. Sikugundua kwamba mdomo wa bibi ulikuwa umeanza kufungwa tena, mpaka mchana mmoja baba alipotokea ofisini. Alisimama katikati ya madereva wa malori, kofia mkononi.

"Mama yangu hajala tangu jana," aliniambia. "Nimeomba, nimembembeleza, amegeukia ukutani." Mtoto hamtanii mzazi wake. Mila ilimfunga mdomo kabla kanisa halijamkuta. "Mimi siruhusiwi. Njoo umtukane."

Njiani alitangulia kama kawaida yake, na bila kugeuka akaanza kunipa maneno. Mwambie alivyokimbizwa na beberu akapanda juu ya meza ya mchungaji. Mwambie alivyokuwa anatuficha ndizi mbivu ndani ya kapu la maharage, akazisahau, maharage yakaoza. Alikuwa akicheka, na leso iko machoni. Tulipofika akabaki nje ya mlango. "Usimwambie ni mimi," alisema.

Nilimwambia bibi yote, la beberu na la ndizi, nikimshikia kijiko. Akala. Akameza, akapumzika, akatazama mlangoni.

"Hayo ni ya huyo," alisema. "Mwambie aingie."