Posa na Mayai ya Minyoo

Siku niliyoposwa nilikaa nyuma ya pazia la sebuleni kwetu Mbugangari, mdomo nimeufunga kama desturi inavyotaka, huku watu wazima wakibishana kuhusu minyoo.

Minyoo ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nachunguza mayai yake. Ndani ya yai lililoanza kukua kuna matone madogo yanayojitenga na majimaji mengine bila utando wowote wa kuyazunguka. Upande mmoja wa yai yanakusanyika, upande wa pili yanayeyuka, na seli itakayoyarithi ndiyo itakayoleta wajukuu wa mnyoo. Hayo nilimweleza baba mkubwa, fundi cherehani, aliyekuwa msemaji wetu siku hiyo, naye akayaandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Ningejua, ningemwambia nasomea ualimu.

Kwetu msemaji wa upande wa binti hukataa kwanza, akauliza maswali magumu, wageni wakahangaika kidogo. Ni mchezo tu. Baba mkubwa hakuwa anacheza.

"Ndani ya yai ya munyoo iko vyumba, haina ukuta," nilimsikia akisoma. "Ni nini inaikamata? Mukijibu, mutoto ni wenu. Mukishindwa, murudi kwenu Busasamana."

Msemaji wao, mkulima wa viazi, alifikiri. "Sisi, nyumba yenye haina ukuta, tunaiita shamba."

"Hapana."

"Gundi?"

"Hapana."

"Mungu?"

Baba mkubwa alikigeuza kitambaa upande wa pili. "Mungu ni jibu muzuri," alisema mwishowe, "lakini haiko kwa kitambaa."

Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Yule kijana aliyekuja kuniposa nilimtaka, nilimtaka sana, na jibu alilijua, kwa maana nilishamchosha nalo mara kumi. Ila mposaji naye haruhusiwi kusema. Basi nikamtuma shangazi yangu, niliyekaa naye nyuma ya pazia, na kijiko na bakuli la maji ya moto, nimeyadondoshea mawese.

Mkulima aliomba chumvi.

Kijana wangu akamnyang'anya kijiko, akakoroga. Nilichungulia pembeni mwa pazia. Matone mekundu yalikatika, yakatawanyika, kisha yakaanza kuungana tena, moja baada ya jingine. Vichwa vyote viliinamia bakuli.

"Hakuna mutu anaikamata," mkulima alisema polepole. "Inajikamata yenyewe."

Baba mkubwa alikagua kitambaa chake. "Bon. Mutoto ni wenu."

"Donc basi, hii pazia ni ya kazi gani?" mkulima aliuliza.

Baba mkubwa alikuwa amelishona mwenyewe, na pindo lake ni la mara mbili. Alilitazama, akaanza kukagua mishono. Desturi ilitaka aniite mara tatu ndipo nitoke, na hata mara moja alikuwa hajaniita. Sikungoja. Nilitoka na chupa ya mawese mkononi, nikapita mbele ya wote, nikakaa karibu na kijana wangu mpaka mabega yakagusana. Hakuna aliyeniambia nirudi.